Mama Akipata Kiharusi, Tusimlaze Tu



Wiki hii tunaongea juu ya ugonjwa ulio katika nyumba nyingi za Rutshuru, lakini kwenye mikutano yetu tunaupita kimya. Mama anaamka asubuhi, mdomo umepinda, maneno hayatoki vizuri, mkono mmoja hauinuki, na mguu wa upande ule ule umekuwa kama si wake. Hicho ni kiharusi. Damu imeshindwa kufika sehemu moja ya ubongo, au mshipa umepasuka ndani ya kichwa. Si uchawi, wala si jirani. Mara nyingi ni tansio iliyopanda miaka mingi bila kupimwa. Siku hiyo ni kwenda hospitali mara moja, bila kungoja kesho.

Lakini leo tunataka kuongea juu ya siku anaporudi nyumbani.

Mmoja wa kikundi chetu alirudi hivyo. Watoto wake walimpenda sana. Walimlisha, walimwogesha, walimletea chombo cha mkojo kitandani. Sisi nasi tulipomtembelea tulimwambia, "Pumzika mama, usijisumbue." Baada ya miezi miwili, hata mguu wake mzima ulikuwa umelegea, na mgongoni kidonda kilikuwa kimeanza. Tulikosea sote, na tulikosea kwa upendo.

Ubongo ulioumia unaweza kujifunza tena kazi ya kutembea, lakini unajifunza kwa kurudia, kama mtoto anayeanza kusimama. Mguu usiotumiwa hupoteza nyama, viungo hukauka, na damu inaweza kuganda mguuni. Ndiyo maana mazoezi ni sehemu ya matibabu kama vidonge vya tansio.

Tusiharakishe pia kupita kiasi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2015, uliofuata wagonjwa 2,104 katika nchi 5, ulionyesha kwamba kumsimamisha mgonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza hakumsaidii, kunaweza kumrudisha nyuma. Basi siku ya kuanza aiseme daktari au kinezi, yule anayefundisha mazoezi ya viungo. Akiruhusu, tuanze kidogo kidogo, lakini kila siku.

Zoezi la kwanza ni kusimama kutoka kwenye kiti. Tafuta kiti kigumu kisichoyumba, kiegemeze ukutani. Mama akae mbele kidogo, nyayo zote mbili chini, zirudi nyuma kidogo ya magoti. Ainame mbele mpaka pua ipite magoti, kisha asimame. Akishasimama, arudi kukaa polepole, asijitupe. Mara 5, apumzike, arudie. Asubuhi, mchana na jioni.

La pili ni kusimama mbele ya meza nzito, mikono juu yake. Ahamishe uzito wa mwili kwenda mguu mzima, kisha kwenda mguu dhaifu, polepole. Mguu dhaifu nao lazima ubebe mzigo, la sivyo hautajifunza. Akizoea, mwekeeni maharagi ya kuchambua juu ya meza hiyo, bakuli moja kushoto na lingine kulia, ili anyooshe mkono huku amesimama. Kiti kiwe nyuma yake tayari.

La tatu ni hatua. Atembee kando ya ukuta, hatua chache kwenda na kurudi, kila siku aongeze kidogo. Fimbo ishikwe kwa mkono mzima. Kwenye ngazi, kupanda atangulize mguu mzima, kushuka atangulize fimbo na mguu dhaifu.

Anayemsaidia asimame upande uliopooza, kwa maana huko ndiko ataangukia. Amshike kiunoni au kwenye kitambaa kilichofungwa imara kiunoni. Tusimvute kamwe kwa mkono uliopooza, maana bega lake ni legevu na linaweza kuteguka. Avae viatu vilivyoshika mguu, si sandali za kuteleza. Ondoeni bidoni na mawe njiani, na kwenye choo wekeni mti imara wa kushikilia. Akisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua au kichwa kikali cha ghafla, asimamishe zoezi na apelekwe kwa daktari.

Wenye uwezo wa kufika Goma, karibu kilomita 70 kutoka hapa, wanajua jina la Shirika la Umoja, kituo kinachosaidia watu wenye ulemavu. Muulizeni daktari wenu kama inafaa. Lakini tunajua barabara yetu, tunajua vita, tunajua bei ya usafiri. Kwa wengi, kinezi wa kila siku atakuwa binti, mkwe au jirani. Basi ukimpata kinezi hata mara moja, mwombe akuonyeshe kwa mikono yake, nawe umwonyeshe kwamba umeshika.

Na binti huyo asiachwe peke yake. Naye ana shamba, ana maji ya kuteka, ana watoto. Tunaomba kila kikundi chenye mgonjwa wa namna hii kipange zamu: leo mmoja akasaidie mazoezi, kesho mwingine. Ni nusu saa tu. Tunajua kuchangia pesa za likelemba, tunaweza pia kuchangia nusu saa. Na sisi wenyewe tupime tansio kwenye kituo cha afya, hata tukiwa tunajisikia vizuri.

Yule mama wetu bado mkono wake mmoja haufungi kanga. Lakini mwezi uliopita alitoka nyumbani kwa fimbo, akafika mlangoni pa mkutano. Tulitaka kukimbia kumshika. Akatuambia, "Mniache, nafika." Tukangoja, akafika.

Tuonane wiki ijayo.