Picha Iliyopakwa Rangi Ina Kosa Gani?

Simama kidogo katika maonyesho ya sanaa, mbele ya picha iliyopigwa kwa kamera kisha ikapitishwa brashi juu yake, na hukumu utaisikia: "Hii imechezewa." Msemaji haoni haja ya kueleza zaidi, na wenzake huitikia. Kamera, wanaamini, huleta kilichokuwepo. Mchoraji huleta alichokiwaza. Anayechanganya viwili hivyo ameharibu cha kwanza na hajakifikia cha pili. Mimi imani hiyo naiita uvivu wa macho.

Tuanze na kamera yenyewe. Mwaka 1838 Louis Daguerre, aliyekwisha kujipatia jina mjini Paris kwa kuchora mapazia makubwa ya maonyesho, aliielekeza kamera yake Boulevard du Temple, barabara yenye pilikapilika za watu na magari ya farasi. Katika picha barabara ni tupu. Anaonekana mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu, na kwa mbali umbo la yule anayemng'arishia. Hakuna aliyewafuta wengine. Bamba lilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, na kila aliyekuwa akitembea alipita bila kuacha alama. Mchoraji yeyote wa mjini, hata asiye hodari, angewaweka wapita njia, na mchoro wake ungeikaribia zaidi barabara ile kuliko kamera. Miaka ya 1850 Gustave Le Gray alikabili tatizo jingine: kemia ya wakati ule iliipokea buluu kupita kiasi, mbingu ikatoka nyeupe tupu. Akapiga bahari kwa bamba moja na mawingu kwa bamba jingine, akaviunganisha kwenye karatasi moja. Picha zake zikasifiwa, na zinasifiwa hadi leo.

Sisi wenye ngozi nyeusi tulipaswa kuwa wa kwanza kuikana imani hii kwamba kamera huleta kilichokuwepo. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi kutoka sawa. Katika picha ya pamoja mweupe alitoka na sura kamili, na mweusi aliyesimama ubavuni mwake akatoka meno na macho. Nyuso ngapi katika albamu zetu zimemezwa na giza ambalo siku ile halikuwepo? Kuna watu waliokaa mezani wakaamua filamu ione nini na isione nini, na uamuzi wao tukauita ukweli.

Simu iliyo mfukoni mwako haina tofauti. Ukigusa kitufe mara moja, hupiga fremu kadhaa, huzichanganya, hulainisha ngozi na kuamua anga liwe na buluu kiasi gani. Anayepokea hayo yote bila neno ndiye huyo huyo anayekunja uso akiona alama ya brashi.

Pwani yetu ilikuwa na akili zaidi. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walisimamisha vibanda vyenye mapazia ya kuchorwa. Wateja wao wengi walikuwa watu wa bara waliokuja Pwani kutafuta kazi, na picha zilisafiri hadi kwao. Mteja aliyesimama mbele ya meli ya rangi alijua vyema kwamba hajawahi kuipanda. Alikuwa ameliona pazia, mikunjo yake na vumbi lake, kabla hajatoa pesa. Mwili wake ulikuwa wa kweli, shati lake la kweli, safari ilikuwa ya kutamaniwa, na vyote vitatu vilikaa katika karatasi moja bila kugombana. Heike Behrend, mwanaanthropolojia Mjerumani, ameandika kwa kina kuhusu mafundi hawa, na pia kuhusu Omar Said Bakor wa Lamu, ambaye kabla yao alikuwa akiunganisha picha studioni mwake hadi mtu akatokea mahali ambapo mwili wa binadamu hauwezi kukaa. Sijui kwa nini vyuo vyetu vya sanaa huwataja Wazungu kwanza.

Lakini na Mzungu mmoja nimtaje, maana kazi yake inaonyesha jambo hili waziwazi. Gerhard Richter, mchoraji wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1932, alichukua picha ndogo za kawaida za familia na matembezi, zile zilizosafishwa dukani, nyingi zikiwa na ukubwa wa sentimita 10 kwa 15. Aliziburuta juu ya rangi iliyobaki kwenye ubao wake mpana baada ya kazi ya siku. Rangi iliganda ilipotaka. Tazama moja: doa jeupe lililoanguka mbele ya miti linakuwa theluji. Ukisogea karibu, theluji inarudi kuwa rangi, nene, yenye kingo. Ukirudi nyuma, ni theluji tena, ingawa sasa unajua. Huwezi kuyaona yote mawili kwa mpigo. Akili inakwenda na kurudi, nawe unajikamata ukiwa katikati ya kazi ambayo kwa kawaida unaifanya bila kujijua.

Maana hivyo ndivyo tunavyoona kila siku. Jicho huona kwa makini eneo dogo tu lililo katikati. Hurukaruka karibu mara tatu kwa sekunde likiokota vipande, na kila jicho lina doa lisiloona kabisa, pale mshipa wa fahamu unapotokea. Ubongo ndio unaojaza yaliyobaki, kwa kumbukumbu na kwa kubahatisha. Picha tupu ya kamera hutusahaulisha mkono huo unaojaza, na brashi hutuonyesha.

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, hutumia njia hiyo ya kuchanganya picha na rangi kwa ukali zaidi: hukata miili ya wanawake kutoka kwenye magazeti ya mitindo, akaiunga upya kwa wino na rangi hadi urembo ule uliouzwa dukani ukageuka kiumbe kinachokukodolea macho.

Nakubali kwamba kazi nyingi za namna hii ni mbovu. Picha dhaifu hurushiwa rangi ili udhaifu ufichike, kisha huandikwa maelezo marefu ukutani. Hizo zikataliwe, ila kwa kuwa rangi haikubadilisha chochote tunachokiona, si kwa kuwa imo.

Na mahakamani je? Na gazetini? Huko mimi ni mkali kuliko wapinzani wangu: picha ya ajali au ya kituo cha kura isiguswe kamwe. Uaminifu wake, hata hivyo, hautoki kwenye kioo cha kamera. Unatoka kwa mtu aliyekuwepo, ambaye mhariri anamjua na hakimu anaweza kumwita. Mashine haijawahi kula kiapo. Waliozoea kuiamini mashine badala ya shahidi ndio wanaosambaza leo kwenye WhatsApp picha zilizotengenezwa na akili mnemba, wakiapa kwamba wameona kwa macho yao.

Basi waandaaji wa mashindano ya picha wabakize katazo la kugusa picha kwa mkono katika kundi la habari, na katika kundi la sanaa walifute. Nao wanaofundisha upigaji picha wampe mwanafunzi picha aliyoipiga mwenyewe, brashi na kopo la rangi, tena mapema, kabla hajajifunza kupanga taa. Aiharibu. Kisha aulizwe aeleze, mbele ya wenzake, ni nini alichokifunika na kwa nini alidhani kilikuwa kinaonekana.