Sauti si Pambo la Hotuba

Miongoni mwa watu wa elimu kuna dharau moja iliyokaa sana hata ikadhaniwa kuwa ni hekima. Husemwa kwamba maneno mema yajitosha; mtu akiisha kuandika jambo la kweli kwa taratibu njema, kazi yake imetimia, na kulitamka mbele ya watu ni shughuli ndogo ya midomo. Sauti, kwa rai hii, ni mali ya wanasiasa, wahubiri na waigizaji. Mwanachuoni yampasa ainamishe kichwa juu ya karatasi zake, asome kwa mwendo mmoja kama karani ahesabuye magunia, kisha aketi. Wasikilizaji wakisinzia, kosa ni lao.

Dharau hii ina ukoo mkubwa. Aristotle, katika sehemu ya tatu ya kitabu chake cha ufasaha, alikiri kwamba namna ya kutamka ina nguvu nyingi, lakini alikiri kwa kinyaa, kama kwamba nguvu hiyo yatokana na udhaifu wa wasikilizaji. Demosthenes, aliyeishi Athens katika zama zizo hizo, aliijua habari hii kwa njia chungu zaidi. Plutarch asimulia kwamba alipolalamika kuwa watu hawamsikilizi, mwigizaji mmoja aitwaye Satyrus alimtaka asome kwa kichwa maneno ya mchezo mmoja wa kale. Akasoma. Satyrus akayarudia maneno yale yale kwa sauti na mwenendo uliolingana nayo, na Demosthenes akayasikia kama maneno mengine kabisa.

Kwa Kiswahili kisa hiki kina uzito hata wa sarufi. Neno barabara, mkazo ukiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari. Mkazo ukirudi nyuma silabi moja, ni sawasawa. Amekuja ni habari, na amekuja ni swali. Hakuna herufi moja iliyobadilika, wala lugha haikuongeza kitu ila kupanda kwa sauti. Mama amwambiaye mwanawe, akija baba mpe chakula, akituama baada ya baba, ameagiza baba alishwe. Akituama baada ya akija, amemwagiza baba amlishe mtu mwingine. Mwandishi ana alama zake za kumwokoa. Msemaji hana alama ila pumzi yake. Basi yule asomaye kwa mwendo mmoja hakupunguza utamu wa maneno tu, bali amefuta sehemu ya maana, kama mtu aliyepaka wino juu ya nusu ya ukurasa akaugawa kwa watu.

Washairi wa pwani hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Tenzi zilighaniwa, na mashairi yaliimbwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake zikakaa vinywani mwa watu kwa miaka mingi, hata Mwalimu Sikujua akazikusanya kwa ajili ya William Taylor mwishoni mwa karne ile, na diwani yake ikapigwa chapa mwaka 1940. Kwa karne nzima mshairi mkubwa kama huyu hakuwa na kitabu cha chapa. Alikuwa na sauti za watu wengine. Ni ajabu ya kusikitisha kwamba urithi wa namna hii husomwa madarasani leo kimyakimya, mizani zikihesabiwa kwa vidole.

Wapinzani wana hoja moja yenye meno, wala haifai kuipita kwa haraka: sauti humtumikia mwongo kama imtumikiavyo mkweli. Hitler alijizoeza ishara za mikono mbele ya mpiga picha wake, na dunia ililipa gharama. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo tafsiri yake ya Kiswahili, kazi ya Julius Nyerere, ilitoka kwanza mwaka 1963, Brutus azungumza na Warumi kwa hoja, kisha aondoka. Antony ashika nafasi. Awasifu wauaji wa Kaisari kwa sifa moja ya heshima, airudia, airudia tena, na kila mara sifa ile ni ile ile karatasini. Lakini inapotoka kinywani huwa imegeuka, mpaka mwisho ni tusi. Umati wawasha moto mji. Naam, hii ni hatari. Lakini ni nani aliyemwachia Antony uwanja? Ni mtu aliyedhani kwamba baada ya hoja hakuna kazi iliyobaki. Silaha iliyo mkononi mwa mwongo haiwi butu kwa sababu mkweli ameikataa.

Wala sauti si kelele. Wako waliokimbia usingizi wa karatasi wakaangukia kipaza sauti, wakanguruma toka salamu hata shukrani, na hawa nao wasoma kwa mwendo mmoja, ila mwendo wao una ghadhabu. Tarehe 2 Novemba 1978 Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Amin, alitaja mambo matatu, uwezo, sababu na nia, kila moja katika sentensi fupi iliyosimama peke yake. Asikilizaye kanda leo asikie pia vile vituo vilivyo kati ya sentensi.

Liko jambo baya zaidi ya usingizi. Bado wako wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na nyimbo, hakibebi elimu ya juu. Mtu huyo huingia ukumbini, humsikia msomi akisoma makala ya Kiswahili kwa kubabaika, akikata sentensi mahali pasipo kiungo, akimeza viishio, na hutoka akisema, lugha hii ni nzito. Msomaji hakulaumiwa, imelaumiwa lugha. Wanafunzi wa Kiswahili hukatwa alama kwa mkato uliokosewa katika insha. Na wapimwe pia kwa kituo kilichokosewa katika kusema: wasimame, wasome ukurasa mmoja mbele ya wenzao, na alama zitolewe na wale walioketi nyuma kabisa ya ukumbi.