Vakansi kubwa: mtoto utampeleka wapi?



Buletini zinakaribia kutoka. Tangu mwanzo wa mwezi wa saba mpaka masomo yaanze tena mwezi wa tisa, ni wiki nane na zaidi. Kila mwaka, wakati kama huu, wazazi wananiuliza swali moja: "Pasteri, kuna kaloni kule kwa fulani, kuna EBV ya kanisa, kuna na wale wanapitaka na bango la rangi. Mutoto tumupeleke wapi?" Ninasema habari ya kaloni ya kutwa tu, ile mtoto anatoka asubuhi na anarudi kulala kwenu. Kaloni ya kulala huko ni habari ingine.

Tusemezane kweli kwanza. Katika miji yetu ya mine, mzazi asipochagua, vakansi yenyewe inachagua. Mtoto anafuata wenzake. Siku ya kwanza anauzia wakreseri maji na biskuti. Wiki ya pili anasukula mawe mtoni. Mwezi wa nane yuko anashuka shimoni, sababu mwili wake ni mdogo na unapita pembamba. Anarudi magaribi na franka mkononi, na nyumbani wanafurahi maana makaye na viatu vya shule havijanunuliwa. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtu ni mtoto mpaka atimize miaka 18, na inakataza kumfanyisha kazi za namna hii. Lakini sheria haiji kukaa mlangoni kwako saa mbili ya asubuhi. Ni wewe utakuwa pale, ao hutakuwa.

Zamani wengi hawakujiuliza sana. Gécamines ilikuwa na shule zake, hospitali zake, viwanja vyake vya mupira, na mtoto wa kambi alijua pa kwenda. Kisha 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi (wale wa Likasi na Kolwezi wanajua yalikuwa mapenzi gani). Tangu pale kila mzazi anajitafutia.

Baba wengine wananiambia kaloni ni mambo ya watoto ya matajiri. Hapana. Ilianza na maskini. Mwaka 1876, katika mji wa Zurich, Uswisi, mchungaji mmoja, Hermann Walter Bion, aliona watoto wa jamaa maskini wa mjini wanadhoofika. Alichukua watoto 68, akawapeleka kwenye milima ya Appenzell wapate hewa safi na chakula. Ndiyo mwanzo wa kaloni. Na shule ya Biblia ya vakansi, ile tunaita EBV, Robert Boville aliianzisha New York mwaka 1901 na shule tano, maana watoto walizunguka barabarani na makanisa yalikaa matupu siku za kazi. Kwa hiyo usione haya kupeleka mtoto wako kwenye kaloni isiyo na bango.

Basi utaangalia nini? Nenda mwenyewe, mbele ya kulipa, na usitume mukubwa wake. Uangalie chini, kwenye udongo. Wakati huu ni wa kiangazi, mvua hakuna, vumbi linaruka na kuingia katika kila kitu. Kiwanja kikiwa kando ya njia ya malori ya mine, ao karibu na depo wanaponunulia mawe, ao juu ya mabaki ya kiwanda, urudi nyumbani hata kama bei ni nzuri. Siyo maneno ya kutisha watu. Mwaka 2009 waganga na wasomi wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na mine na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Mwaka 2018 walitoa habari ya Kasulo, ile kartye ya Kolwezi watu walichimba mpaka chini ya nyumba zao: watoto wa pale walikuwa na kobalti karibu mara kumi kupita watoto wa mahali pengine. Mtoto anashinda mkubwa kwa kupata ule uchafu, sababu anacheza chini, kisha anatia vidole kinywani. Kwa hiyo uulize: maji ya kunawa iko wapi? Sabuni iko? Watoto wananawa mbele ya kula bukari, ao wanapanguza mikono kwenye suruali? Uone na choo. Kaloni ya watoto 60 yenye choo kimoja bila maji ya kunawa ni mahali pa kutafutia kipindupindu.

Kama wanasema watapeleka watoto mtoni, mimi ninakataa kabisa. Kafubu katika kiangazi inaonekana kama imelala. Kule Kasenga, Luapula iko na mamba na viboko. Mtoto hakose furaha sababu hakuona mto.

Kisha watu. Hapa ndipo ninaomba mukae sana. Uliza moniteri ni wangapi. Kule Ufaransa sheria ya kaloni za kutwa inataka mkubwa mmoja kwa watoto 8 wenye chini ya miaka sita, na mmoja kwa watoto 12 wenye kupita pale. Kwetu hatutafika pale kila mara, lakini moniteri mmoja kwa watoto 40 siyo kaloni, ni soko. Uliza majina yao, wanakaa wapi, nani anawajua. Uliza nani anasindikiza watoto magaribi, na kama anaweza kumpa mtoto mtu yeyote anayesema "miye ni yaya wake." Na hili wazazi wanaona haya kuliuliza, ninaliandika wazi: hakuna mkubwa, mwanaume ao mwanamke, anayebaki peke yake na mtoto mmoja ndani ya chumba kilichofungwa. Hata akiwa shemasi. Hata akiwa pasteri. Kiongozi akikasirika kwa swali hili, umekwisha kupata jibu.

Ninyi vijana wa miaka 17 ao 18 munaoitwa kusaidia, na ninyi muombe muwe wawili-wawili. Inalinda mtoto, na inalinda jina lako.

Juu ya bei sina mengi. Waandikie kwenye karatasi kila kitu: chakula, tishati, matembezi. Kuna kaloni zinazoanza rahisi na kumalizika kwa madeni.

Siku ya kwanza ikiisha, usimuulize mtoto "Ulifurahi?" Atasema ndiyo. Muulize alikula nini, alicheza na nani, nani alimpeleka chooni. Akikataa kurudi kesho yake, usimpige mbele ya kujua sababu.

Baba mmoja wa Kasomeno, pale njia ya Kasenga inaachana na ya Pweto, anauliza afanye nini, maana kwao kaloni hakuna, ni malori tu yanapita. Jibu: jamaa nne ao tano zinatosha. Mukamate kiwanja cha kanisa kilicho mbali na barabara, saa mbili mpaka saa sita. Wamama wawili kila siku, kwa zamu. Kamba, mupira wa vitambaa, nyimbo, na mzee mmoja wa kusimulia hadisi za zamani. Bidoni ya maji safi na sabuni. Wenye chini ya miaka mitano wabaki nyumbani. Muanze na watoto 15, musiongeze mpaka wiki ya kwanza ipite na wamama waseme wanaweza.