Likasi: Formu inapotea, na kosa haliko kwa mama mwenye telefone

Mama mumoja mwenye alihama upande wa Mitwaba pamoja na watoto wake, na leo anapanga nyumba ndogo katika komini ya Kikula, alikuwa anajaza formu ya kuandikisha familia yake kwenye intaneti. Majina ya watoto sita, tarehe za kuzaliwa, kijiji walichotoka, jina la ndugu mwenye kuwapokea. Kazi hiyo ilimuchukua karibu saa nzima, na batri ilikuwa inaelekea kwisha. Mwishoni formu ikaomba picha ya karte ya uchaguzi. Akafungua kamera, akapiga picha, akarudi. Formu ilikuwa tupu. Akaanza tena, ikawa tupu tena.

Jirani alimuambia ni rezo. Kijana wa kutengeneza telefone barabarani alimuambia ni virusi, akamuwekea programu ya "kusafisha" na akachukua franka zake. Wote wawili walikosea. Lakini si wao peke yao: watu wengi wa Likasi wangejibu vilevile, kwa sababu hakuna mwenye aliwahi kuwaelezea mambo yanayotokea ndani ya telefone wakati nafasi inakuwa kidogo.

Telefone iko na nafasi za namna mbili. Moja ni ya kuweka vitu: picha, nyimbo, video. Ni hiyo wauzaji wanatangaza kwa sauti kubwa, GB 32, GB 64. Ingine ni ya kufanyia kazi. Inaitwa RAM, na iko kama meza ya jikoni: stoo inaweza kujaa unga, lakini kama meza ni ndogo, mutu hawezi kukata mboga, kukanda na kupakua kwa wakati mumoja. Telefone nyingi za bei ya chini ziko na GB 1 ao 2 za RAM, na sehemu kubwa ya hizo inaliwa na mufumo wenyewe wa telefone mbele mwenyewe hajafungua kitu.

Katika telefone za Android, mufumo unapatia kila programu namba, kati ya -1000 na 1000. Programu yenye iko mbele ya macho inapewa 0. Ile yenye inapiga muziki ao redio kwenye intaneti huku mutu anaangalia kitu kingine inapewa karibu 200. Ile aliyotoka kutumia sasa hivi inafika 700. Zile zilizoachwa nyuma zinapewa 900 na zaidi. Meza ikianza kujaa, telefone kwanza inakunja vitu ili vichukue nafasi kidogo. Kama hiyo haitoshi, inaanza kuua programu, na inaanzia kwa namba kubwa. Haiulizi mutu, na haionyeshi ujumbe wowote.

Sasa kamera ni mulaji mukubwa wa RAM. Mama alipoifungua, kamera ikachukua 0 na formu ikasukumwa nyuma. Kwa telefone, kamera ndiyo yenye maana, kwa sababu ndiyo mama anaangalia. Kwa mama, formu ndiyo yenye maana, kwa sababu ndani yake kuna majina ya watoto wake. Telefone haina namna ya kujua jambo hilo.

Haki isemwe: mupango huo si mubaya. Bila huo, telefone ndogo ingeganda kabisa, na hata simu ya ndugu ingekatika katikati ya mazungumuzo. iPhone nazo zinaua programu za nyuma. Kwa hiyo lawama isiende kwa telefone, na isiende kwa mama hata kidogo. Iende kwa watu wenye walitengeneza formu. Watengenezaji wa programu za Android wameambiwa tangu zamani kwamba programu ikisukumwa nyuma inaweza kuuawa wakati wowote, na kwa hiyo inapaswa kuhifadhi kazi ya mutu mapema. Na kurasa za intaneti ni vilevile. Formu yenye inangojea mutu abonyeze "tuma" ndipo ihifadhi kitu ilijaribiwa ofisini, kwenye ordinatere yenye RAM nyingi na umeme usiokatika. Haikujaribiwa Kikula.

Kama shirika linataka kuandikisha familia zilizohama, lijaribu formu yake kwanza kwenye telefone ya GB 1. Picha iombwe mwanzoni, ao formu ihifadhi kila mustari unapomalizika. Hiyo si kazi ngumu kwa fundi. Familia yenye formu yake imepotea mara tatu inaacha, halafu kwenye ripoti inahesabiwa kama familia ambayo haikujiandikisha.

Wauzaji nao wanapaswa kubadilika. Mutu anayetoa akiba ya miezi mingi aambiwe RAM ni ngapi, kwa sauti ile ile ya kutangaza GB 64. Google yenyewe ilitoa Android Go mwaka 2017 kwa ajili ya telefone za RAM ndogo, halafu, kuanzia Android 13 ya mwaka 2022, ikaomba telefone mupya iwe na GB 2 angalau. Lakini zile za zamani hazikutoweka. Zinazunguka mukono kwa mukono mpaka hapa. Ni ajabu kidogo, ukiwaza kwamba shaba na kobalti zinatoka Shituru, na kobalti inaingia katika batri za telefone za dunia nzima, halafu muji wa Likasi unarudishiwa zile ambazo wengine wamechoka nazo.

Wengine watasema RAM nyingi ni bei. Ni kweli. Lakini kuandika namba moja kwenye kikartoni mbele ya telefone hakuombi hata franka moja.

Na ile programu ya kusafisha? Inaua zile za nyuma, zenye zinaanza tena zenyewe nyuma ya dakika chache na kula batri zaidi. Yenyewe pia inakaa kwenye meza na kuchukua nafasi. Afazali kuitoa. Mwenye telefone ndogo apige picha zote kwanza, afunge kamera, azime telefone na kuiwasha tena, ndipo afungue formu peke yake. Na kama telefone iko na redio ya FM, asikilizie huko kwa kutumia ekutere: haiombi intaneti, na inakula RAM kidogo sana.

Mama wa Kikula alifanya hivyo siku ya tatu. Picha ya karte ilikuwa tayari ndani ya telefone, alichagua tu. Formu ilienda na majina yote sita.