Ukimya wa Kijiji si Amani ya Kijiji

Kila linapozuka suala la wizi na ujambazi katika mikutano yetu ya jumuiya, hakosekani mtu wa kusema kwamba wenzetu wa Ulaya hawaijui taabu hii. Husemwa kwamba wao wana polisi wengi, wana magari na simu, na kwamba kijiji cha Kiingereza hulala milango wazi. Maneno hayo yana ukweli kidogo na makosa mengi. Kwa hiyo tumeona yafaa tukitazame kijiji hicho kwa makini, si kwa nia ya kukisifu wala kukibeza, bali kwa sababu vijiji vya Uingereza vimehangaika na swali hili kwa zaidi ya miaka 700, na mahangaiko hayo yameandikwa. Mwenye kumbukumbu ana la kumfunza mwenzake, hata pale alipokosea.

Mwaka 1285 Mfalme Edward wa Kwanza alitoa sheria iliyoitwa Sheria ya Winchester. Sheria hiyo haikuanza na askari, maana askari wa mshahara vijijini hawakuwapo. Ilianza na majirani. Iliagiza kwamba tangu Sikukuu ya Kupaa Bwana hadi Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli kila mji uweke walinzi wa zamu usiku, na mgeni apitaye gizani azuiliwe hadi asubuhi. Iliagiza vichaka vifyekwe futi 200 kila upande wa barabara kuu ziendazo kwenye miji ya masoko, ili mnyang'anyi asipate maficho. Yowe likipigwa, wenye nguvu wote walipaswa kutoka na kumfuatia mhalifu. Na asipopatikana, watu wa tarafa nzima waliwajibika kumfidia aliyeibiwa. Katika karne zilizofuata, kazi ya kutunza amani ilikuwa ya konstebo wa parokia. Huyu alikuwa mwanakijiji wa kawaida aliyeshika zamu yake bila mshahara, kwa kawaida mwaka mmoja, kisha akarudi kwenye jembe lake. Tulizingatie neno hilo parokia. Kwao parokia haikuwa mahali pa sala tu. Barabara, riziki ya maskini na usalama wa usiku navyo vilikuwa shughuli za parokia.

Mpango huo ulikuwa na kasoro zake. Si rahisi kwa mtu asiye na mshahara kumkamata jirani ambaye kesho atamhitaji katika mavuno. Ndiyo sababu London ilipata jeshi la polisi mwaka 1829, wakati Robert Peel akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Sheria ya mwaka 1839 ikairuhusu mikoa kuunda polisi wake, na ile ya mwaka 1856 ikailazimisha. Tangu hapo vijiji vingi vikapata askari wa kudumu, ambaye mara nyingi aliishi na familia yake katika nyumba ya polisi papo hapo kijijini. Alimjua mtoto mtukutu kwa jina, na mama yake kwa jina.

Lakini askari huyo hakudumu. Katika miaka ya 1960 polisi walianza kupewa magari, na polepole nyumba zile za vijijini zikauzwa. Baadaye, kati ya mwaka 2010 na 2018, serikali ilipobana matumizi, idadi ya askari wa Uingereza na Wales ilipungua kwa takriban 20,000, na vituo vingi vikafungwa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 hadi 2023 waliajiriwa wengine 20,000 kuziba pengo hilo. Hata hivyo, askari wa kukaa kijijini hakurudi. Mkulima wa Kiingereza aliyeibiwa trekta, dizeli au kondoo usiku wa manane anaujua vizuri ukweli wa wahenga wetu: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ni katika hali hiyo ya askari kuwa mbali ndipo majirani walipoitwa tena. Mwaka 1982, katika kijiji kidogo cha Mollington karibu na mji wa Chester, ulianza mpango wa kwanza wa Neighbourhood Watch nchini humo, yaani ulinzi wa majirani. Wazo lenyewe lilitoka Marekani. Wanakijiji waliosumbuliwa na wizi wa majumbani hawakushika mapanga wala bunduki. Walikubaliana kuwa macho, kuambizana, na kile walichokiona kukifikisha polisi. Kila mmoja peke yake alikuwa ameona kidogo. Mmoja gari geni, mwingine dirisha lililovunjwa, mwingine mtu aliyepita akiulizia kazi ambayo haikuwapo. Walipoyaweka pamoja, madogo yakawa ushahidi. Kutoka Mollington mpango huo ulienea nchi nzima, ukaingia mijini na vijijini.

Tungependa kuishia hapo na kusema: twendeni tukafanye vivyo hivyo. Lakini haki haituruhusu kusimulia nusu ya habari. Yapo mambo matatu ambayo kijiji hicho hicho cha Kiingereza kimeyajua kwa uchungu, nasi hatuna budi kuyatafakari.

Jambo la kwanza ni udanganyifu wa tarakimu. Siku hizi kila Mwingereza aweza kufungua ramani ya polisi katika intaneti, iliyoanza mwaka 2011, na kuhesabu makosa yaliyoripotiwa karibu na mlango wake. Ni jambo jema raia kupewa habari. Lakini chukulieni kijiji cha watu 400. Mwaka huu yametokea makosa manne. Kiwango ni makosa 10 kwa kila wakazi 1,000. Mwaka kesho yanatokea manane. Kiwango ni 20, na gazeti litaandika kwamba uhalifu umeongezeka maradufu. Kumbe yale manne ya nyongeza ni kazi ya kijana mmoja mlevi aliyevunja madirisha ya nyumba nne kwa usiku mmoja. Tena ramani yenyewe haionyeshi mahali halisi pa kosa. Ili kulinda siri ya waathirika, alama huwekwa mahali pa jumla, na pale penye makazi kila alama huwakilisha eneo lenye anuani zisizopungua nane. Katika mji mkubwa hilo si neno. Katika kijiji chenye njia moja, familia isiyo na hatia yaweza kunyoshewa kidole kwa sababu ya nukta iliyoangukia mlangoni pake.

Jambo la pili ni zito zaidi: tarakimu ndogo yaweza kuwa amani, na yaweza kuwa woga. Waingereza wana njia mbili za kupima uhalifu. Moja ni daftari la polisi. Nyingine ni utafiti mkubwa wa kitaifa ulioanza mwaka 1982, ambao huwauliza watu wenyewe majumbani mwao ni maovu gani yaliyowapata, wawe waliyaripoti au la. Utafiti huo umeonyesha kwamba uhalifu wa kawaida ulifikia kilele mwaka 1995, na kwamba tangu hapo wizi wa majumbani na wa magari umepungua sana. Na daftari la polisi je? Mwaka 2014 lilivuliwa hadhi ya kuwa takwimu rasmi zenye kuaminika kitaifa, na mwaka huo huo wakaguzi wa polisi walibaini kwamba takriban asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakuandikwa kabisa. Yaani mtu alikwenda, akaeleza, na maneno yake yakaishia mezani.

Ikiwa hata aliyesema aliweza kupotea namna hiyo, tuseme nini juu ya asiyethubutu kusema? Mwaka 2019 mtandao wa kitaifa wa kupambana na uhalifu vijijini ulitoa taarifa kuhusu wanawake na wengine wanaoteswa na wenzi wao katika vijiji vya Uingereza. Taarifa hiyo ilieleza kwamba mateso ya vijijini huchukua muda mrefu zaidi kabla ya mtu kupata msaada kuliko ya mijini. Sababu zake hazitahitaji mkalimani kwa msomaji wa kwetu: basi ni moja kwa siku, au halipo, daktari, diwani na jirani wote wanamfahamu mume, na kila mtu anajali jina la kijiji lisichafuke. Katika kijiji cha namna hiyo ramani ya polisi ni nyeupe, nyasi zimekatwa vizuri, na nyuma ya mlango mmoja kuna mtu anayehesabu nyayo za anayerudi nyumbani. Walinzi wa zamu wanamtazama mgeni barabarani, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Tuongeze hapa kwamba mwizi wa leo wala hahitaji kuikanyaga njia ya kijiji. Katika utafiti ule ule, utapeli wa simu na kompyuta sasa ndilo kosa linalowapata watu wengi kuliko makosa mengine. Bibi kizee anayeishi peke yake hupigiwa simu na sauti yenye adabu inayojiita benki, naye hutoa akiba ya maisha yake yote. Jirani aliyesimama dirishani hataona kitu. Atakayemwokoa ni yule aliyezoea kuingia, kuketi, na kuulizia habari za jana.

Jambo la tatu ni damu. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1999, huko Emneth Hungate katika mkoa wa Norfolk, wezi wawili walivunja na kuingia katika nyumba ya mkulima aliyeishi peke yake shambani, Tony Martin. Mkulima huyo alidai kwamba alikuwa ameibiwa mara nyingi, na kwamba polisi hawakumsaidia. Alikuwa na bunduki aliyoimiliki bila kibali. Alifyatua gizani. Mmoja wa wezi alijeruhiwa. Mwingine alipigwa risasi mgongoni, akafa. Aliyekufa aliitwa Fred Barras, na umri wake ulikuwa miaka 16. Aprili mwaka 2000 mahakama ilimtia mkulima hatiani kwa kuua kwa kukusudia na kumhukumu kifungo cha maisha. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufani, ikizingatia hali ya akili yake, ilibadili kosa likawa kuua bila kukusudia, na kifungo kikawa cha miaka mitano kwa kosa hilo. Alitoka gerezani mwaka 2003, akafariki mwaka 2025.

Nchi nzima iligawanyika. Wengi walimwona shujaa. Wengine walimlilia kijana. Sisi tunasema kwamba pande zote mbili zilikuwa na jambo la kuliliwa. Mtu aliyeachwa peke yake na woga wake kwa miaka mingi ametendewa dhuluma, na jamii iliyomwacha inalo la kujibu. Lakini dhuluma hiyo haikumpa ruhusa ya kuhukumu kifo, kwa sekunde chache, gizani, kosa ambalo hakuna hakimu nchini mwake angelitolea adhabu hiyo. Sheria ya Kiingereza humruhusu mwenye nyumba kujilinda kwa nguvu ya kiasi. Haimruhusu kulipiza kisasi. Msomaji wa kwetu aliyewahi kuona mwizi wa kuku akivishwa tairi atauelewa mpaka huo, na ataelewa jinsi unavyovukwa upesi. Hata sungusungu, lililoanzia Usukumani na Unyamwezini katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1980 kwa ajili ya kuzuia wizi wa ng'ombe, lilifika mahali fulani likamwaga damu ya wasio na hatia.

Basi, tujifunze nini? Tujifunze kwamba usalama wa mahali padogo haupimwi kwa uchache wa makosa yaliyoandikwa. Hupimwa kwa swali moja: je, aliye dhaifu kuliko wote hapa anaweza kusema yaliyompata, akasikilizwa, na asidhurike kwa kusema? Pale anapoweza, yaelekea idadi ya kesi itaongezeka kwanza, nasi tusiogope wala tusione aibu, kwa maana kilichoongezeka ni ujasiri. Pale asipoweza, kijiji chaweza kupita mwaka mzima bila kesi hata moja na kisiwe na amani. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kwa sababu hiyo tunawaomba viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za haki na amani wasiridhike na kuuliza tu, "Wizi umepungua?" Waulize pia: Ni nyumba ipi hatujaingia mwaka huu, na kwa nini? Zamu yetu ya ulinzi inapomkamata mtu, anafika kituoni akiwa mzima, na ni nani aliyeandika saa na jina lake? Kijana aliyetoka gerezani amepokelewa na nani, au tunamsubiri akosee tena ili tuseme tulijua? Maswali haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji watu wanaofahamiana, na daftari linalotunzwa kwa uaminifu.

Tunaukumbuka sote mfano wa mtu aliyevamiwa njiani kati ya Yerusalemu na Yeriko. Hatuambiwi wanyang'anyi walikuwa wangapi, wala kama njia ile ilikuwa na visa vingi mwaka ule kuliko mwaka uliotangulia. Tunaambiwa ni nani waliopita kando, na ni nani aliyesimama. Kila mmoja wetu anaijua njia ipitayo mlangoni pake. Tuanzie hapo.