Kununua picha si kununua haki ya kuinakili

MFANYABIASHARA anayenunua picha ya Tingatinga jijini Dar es Salaam na kuivusha Rusumo hadi Kigali huamini kuwa amenunua kila kitu: ubao, rangi, na ruhusa ya kuifanyia picha hiyo lolote apendalo. Mbili za kwanza amezinunua kweli. Hiyo ya tatu hajainunua, na ndiyo inayoweza kumfikisha mahakamani.

Suala hili limekuwa zito zaidi kwa sababu sheria za nchi zinazotuzunguka zimekuwa zikibadilika. Burundi ilijiunga na Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za sanaa na uandishi mwaka 2016. Kenya ilirekebisha Sheria yake ya Hakimiliki mwaka 2019. Uganda ikaingia katika mkataba huo mwaka 2022. Hapa kwetu Rwanda, sheria mpya ya kulinda mali ya ubunifu ilitoka mwaka 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2009. Kwa kuwa Rwanda, Kenya na Tanzania zilikwisha kuwa wanachama tangu karne iliyopita, msanii wa nchi moja kati ya hizi tano sasa analindwa pia katika nchi nyingine nne.

Kanuni yenyewe si ngumu. Picha moja ina mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni kitu chenyewe, kinachoshikika na kutundikwa ukutani. Ya pili ni haki ya kutoa nakala za kitu hicho, yaani kukipiga chapa kwenye kalenda, kadi, fulana, khanga au tangazo la hoteli. Mali ya kwanza huhama pale pesa inapolipwa na picha kukabidhiwa. Ya pili hubaki kwa msanii mpaka yeye mwenyewe akubali kuitoa.

Mkulima wa Kirehe anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Anayenunua mkungu wa ndizi anaondoka na mkungu. Anaweza kuula, kuugawa au kuuuza tena kwa bei ya juu. Mgomba unabaki kwa mwenye shamba pamoja na machipukizi yake. Mnunuzi akitaka chipukizi la kupanda kwake, hulizungumzia peke yake na kulilipia peke yake.

Hivyo basi, aliyenunua picha ana uhuru mkubwa. Anaweza kuitundika sebuleni, kuwarithisha wanawe, kuiazima, kuivusha mpaka na kuiuza tena. Hawezi kuitolea nakala za biashara, kufuta sahihi ya mchoraji, au kuandika jina lake mahali pa jina la mchoraji. Mkataba wa Berne unampa msanii haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi hiyo, na haki ya kupinga isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima, hata kama amekwisha kuuza haki zake za kibiashara.

Haki hizi pia hazifi na mwenyewe. Mkataba unataka hakimiliki ilindwe kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha msanii. Kwa hiyo kusema "mchoraji alishafariki" hakumwondolei mtu wajibu. Wapo mjane na watoto, na ndio wa kuombwa ruhusa.

Wako wanaouliza: mchoraji amelipwa bei aliyoitaja mwenyewe, anadai nini tena? Tufanye hesabu. Tuseme ameuza picha moja kwa shilingi 60,000 za Tanzania. Mnunuzi anaipeleka kiwandani, anapiga kalenda 1,000 na kuziuza shilingi 5,000 kila moja. Hizo ni shilingi milioni 5. Hata tukitoa gharama za karatasi, wino na usafiri, tofauti ni kubwa, na aliyebuni picha hakupata hata senti moja katika hizo. Ile 60,000 ilikuwa bei ya picha moja ya ukutani. Bei ya kalenda 1,000 haikuwahi kuzungumzwa.

Wengine husema wachoraji wenyewe wanaigana, kwa nini mfanyabiashara ndiye alaumiwe? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za dukani kwenye vipande vya mraba vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliuendeleza mtindo huo, na leo unajulikana duniani kote. Je, hao wote ni wezi?

Hapana. Hakimiliki hailindi mtindo wala wazo. Kila mtu anaruhusiwa kuchora twiga mwenye madoa ya rangi kali. Kinacholindwa ni picha fulani iliyotoka mkononi mwa mtu fulani. Imigongo yetu ni hivyo hivyo. Mistari ya asili ya Gisaka ni urithi wa wote, lakini mama wa Nyakarambi akibuni mpangilio wake mpya, mpangilio huo ni wake. Kujifunza kwa mwalimu ni jambo moja, na kupiga chapa kazi yake bila kumwambia ni jambo jingine.

Mahali panapohitaji uangalifu zaidi ni kazi za kuagizwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 na ile ya Uganda ya mwaka 2006 ziliweka kwamba, kama hakuna makubaliano mengine, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huenda kwa aliyeiagiza. Hapo ni kinyume na picha iliyokutwa tayari dukani. Mtu asichukue mazoea ya Kampala akayatumia Dar es Salaam au Kigali bila kuuliza. Na msanii anayepokea oda kutoka Nairobi ajue kwamba akinyamaza, ukimya wake unaweza kumnyang'anya haki.

Kenya imekwenda mbali zaidi. Marekebisho ya mwaka 2019 yanampa msanii asilimia 5 ya bei ya mauzo pale kazi yake inapouzwa tena kibiashara, kwa mfano kwenye mnada. Anayepeleka picha Nairobi kutafuta bei nzuri aliweke hilo kwenye hesabu zake mapema.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, hatari iliyo karibu zaidi ni forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeweka bidhaa bandia za kila aina katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuingizwa. Nchini Kenya, Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 inagusa hata hakimiliki. Mwenye haki akilalamika, mzigo wa fulana unaweza kuzuiwa, na mwenye mzigo ndiye atakayepata hasara, si yule aliyemuuzia picha ya kwanza.

Sisi tuliosoma uhamishoni tuna sababu yetu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Shuleni kitabu kimoja kilitumiwa na darasa zima, na kukinakili kwa mkono ndiyo ilikuwa njia pekee ya kusoma. Kunakili kwetu kulikuwa bidii, tena mwalimu alikusifu. Lakini yule mwanafunzi hakuuza daftari lake. Aliyerudi nyumbani leo akafungua nyumba ya wageni, akanunua picha ya kupamba ukumbi kisha akaichapa kwenye matangazo yake, anaitumia kutafuta pesa, na hapo ndipo anapowiwa na msanii.

Dawa si ghali. Kabla ya kupiga chapa, mtafute msanii au ushirika wake na mwandikiane. Karatasi moja inatosha: majina ya pande mbili, picha yenyewe, itatumika kwenye nini, nakala ngapi, katika nchi zipi, kwa muda gani, kwa malipo gani, na sahihi za wote wawili. Kila mmoja abaki na nakala yake. Risiti ya kununulia picha haitoshi, kwa sababu inathibitisha mauzo ya ubao tu. Kama lengo ni kuchukua haki zote, hilo nalo liandikwe wazi na lilipiwe bei yake.

Msanii naye asikae akisubiri kuombwa. Chini ya Mkataba wa Berne hakimiliki haihitaji kusajiliwa ili iwepo, lakini kumbukumbu husaidia siku ya shauri. Tanzania kuna Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Anayetia sahihi, anayeandika tarehe na kupiga picha kila kazi kabla ya kuiuza, ana cha kuonyesha mbele ya hakimu.

Vyama vya wafanyabiashara wa Rusumo, Mutukula, Gatuna na Namanga vinaweza kuandaa fomu moja ya ruhusa kwa Kiswahili, ikatumika pande zote za mpaka. Mwanachama aliye nayo mkononi ataweza kupiga kalenda zake na kuzivusha bila woga, na mchoraji atapata sehemu yake ya zile milioni 5.