Kisangani: Jitu la Bili ni sokwe mtu tu

Hadithi ya jitu la pori la Bili, Bas-Uélé, nusu gorila, linaloua simba, ikome kutisha watu. Mafuvu yaliyotolewa huko mwaka 1898 yalimfanya mtaalamu wa Ubelgiji atangaze, mwaka 1927, aina mpya ya gorila. Alikosea. Vipimo vya ADN vimeonyesha ni sokwe mtu wa mashariki, yule yule wa Tshopo, ingawa wa Bili wakati mwingine hulala chini badala ya mtini.

Familia zilizokimbia vita zinajua: aliyechoma nyumba zao hakuwa mnyama. Hatari ya sokwe iko kwingine: mzoga wake unaweza kubeba Ebola. Usiuguse, usiule. Anayemwita sokwe zimwi anampa mwindaji kisingizio.